Hamburg, ngazi 92 na yule aliyenibeba

Najua nimepotea. Kuna aliyeniandikia kuuliza kama nimeolewa kimyakimya, na mwingine kuuliza kama nimekamatwa na sapu. Jibu ni hapana kwa yote mawili. Mwenzenu nilikuwa Ujerumani, tena nimerudi na jambo moyoni, na nisipoliandika leo litanikaba.

Safari yenyewe ilikuja hivi. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010, kwa hiyo watu wa huku huenda kule na wa kule huja huku. Mwezi wa kumi mwaka 2024 tukapata nafasi wawili hapa Mlimani, tunaosomea ualimu, kwenda kwenye warsha ya siku tano. Mmoja mimi, wa pili rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Dada Mkubwa. Kanizidi miezi minne tu, lakini ananiita "mdogo wangu" tangu siku ya kwanza, nami nimeshazoea.

Wasomaji wa zamani mnamkumbuka. Ndiye aliyenibeba Mabibo mwaka wa kwanza nilipokosa chumba. Muhula mzima tumelala kitanda kimoja, yeye ukutani mimi pembeni, na hakuwahi kunidai hata shilingi. Bumu likichelewa tunagawana chapati. Mwaka wa pili bajaji ilipinduka naye, akavunjika mguu, akawekewa chuma. Siku hizi anatembea vizuri tu, ila ngazi zikiwa nyingi utamwona anashika goti bila kusema kitu. Si mtu wa kulalamika. Likumbukeni hilo.

Sasa, warsha ilipoisha tulibakiwa na siku tatu kabla ya ndege. Hizo za kwetu wenyewe, kulala juu yetu. Kila mmoja alikuwa na euro 150 mfukoni, kula humohumo. Nikajitolea kutafuta malazi, na yeye akasema, "Haya, wewe ndo mtaalamu wa mtandao."

Basi kazi ikaanza. Mimi sikutaka zile hoteli zinazofanana kila mji, zulia la kijivu na picha ya ua ukutani, mpaka ukiamka hujui uko Hamburg au Nairobi. Nilitaka mahali penye sura yake. Na Hamburg, jamani, hapo hapana upungufu!

Kuna meli ya mizigo inaitwa Cap San Diego, iliundwa mwaka 1961, ikawa inakwenda Amerika ya Kusini na kurudi. Leo imefungwa gatini ni makumbusho, na kabini zake unaweza kulala. Nilipoona bei ya kabini nikafunga ukurasa taratibu kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Kuna mnara wa maji wa zamani kwenye bustani ya Sternschanze, mnara mnene wa matofali, ambao tangu mwaka 2007 ni hoteli. Wakazi wa pale waliandamana kuupinga, wakihofia mtaa wao utageuzwa wa wenye nazo.

Halafu kuna Speicherstadt, yale maghala marefu mekundu yaliyojengwa juu ya nguzo za mbao, mifereji katikati, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Siku hizi humo nako kuna hoteli. Humo ndimo walimohifadhi kahawa, chai na viungo kwa miaka mingi. Nilitamani kweli! Lakini nikasoma zaidi nikakuta kwamba ili yajengwe, kuanzia mwaka 1883, watu takriban 20,000 waliondolewa kwenye nyumba zao. Sisi wa Dar tunaojua bomoabomoa hatuhitaji kuelezwa hapo palikuwaje. Sisemi usilale pale. Nasema tu kwamba sehemu yenye historia ni historia ya mtu fulani, na mara nyingi huyo mtu hayumo kwenye picha za tangazo.

Kulikuwa pia na hosteli ya vijana juu ya kilima cha Stintfang, inatazama bandari. Hiyo nikaipita haraka. Bweni tena? Nimelala bwenini tangu kidato cha kwanza!

Mwisho nikaangukia pensheni moja, jina nitalihifadhi. Nyumba ya kale yenye dari la mbao na dirisha dogo la juu linaloonyesha mapaa ya jirani. Kwa Hamburg nyumba ya namna hiyo si kitu kidogo, kwa sababu mabomu ya Julai 1943 yaliteketeza sehemu kubwa sana ya mji, na kilichobaki watu wanakithamini. Euro 70 kwa usiku, chumba cha wawili. Picha ilikuwa nzuri, nikajiona tayari nimekaa dirishani na kikombe cha chai nawaandikia ninyi.

Chini kabisa ya tangazo, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno mawili: hakuna lifti.

Niliyaona. Hapa ndipo ningeweza kuwadanganya niseme sikuyaona, lakini niliyaona. Nikajiambia, "Ataweza tu, mbona Mlimani anapanda." Nikalipa usiku zote tatu.

Tulifika jioni na manyunyu, baridi inachoma masikio. Nilibeba mabegi yote mawili, nikajiona nimefanya wema. Nilizihesabu ngazi: 92. Ishirini za kwanza tulikuwa tunacheka. Kufika hamsini yeye akawa anasimama kila kituo, anajifanya anatazama vioo vya madirisha. Kuanzia sitini hakuna aliyecheka. Juu chumba kilikuwa kama kwenye picha, sawasawa kabisa. Kasoro moja tu: choo kilikuwa ghorofa ya chini yake, ngazi 16 nyingine. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa, mimi ndiye sikusoma.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama embe dodo. Akaniambia, "Nenda wewe mdogo wangu, ukanipigie picha. Mimi leo napumzika." Nikabisha mara moja. Kusema kweli nilibisha kidogo tu. Nikamnunulia mkate, nikamwachia chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikashuka.

Siku hiyo nilizunguka hasa. Niliingia makumbusho ya viungo kule kwenye maghala, nikanusa karafuu nikakumbuka Unguja. Nikakumbuka pia tuliyoambiwa kwenye warsha, kwamba kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na tawi Zanzibar tangu mwaka 1849. Nikaenda kuona Afrikahaus, ile nyumba ya kampuni ya Woermann ya mwaka 1899, yenye sanamu ya shujaa wa Kiafrika mlangoni na tembo wawili uani. Nilisimama pale muda mrefu nikiwatazama wale tembo, nikiwaza meli za huyo bwana zilivyobeba mali na watu kati ya huko na kwetu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumsimulia mwenzangu.

Nikarudi saa kumi na mbili jioni, nikapanda zile 92 mbiombio. Dada Mkubwa alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Akanikaribisha vizuri, akataka kuona picha. Nikawa nazionyesha moja moja, mara jicho likaangukia ile chupa. Ilikuwa imejaa vilevile nilivyoiacha.

Nikamuuliza, "Hujanywa maji tangu asubuhi?"

Akanyamaza kwanza. Halafu akasema polepole, "Ningekunywa ningeenda chooni mara ngapi?"

Wadau, kuna aibu nyingine hazina pa kujificha. Kutoka saa tatu asubuhi mtu mzima amekaa na kiu, Ulaya, kwa ajili ya dirisha langu. Mtu aliyenipa nusu ya kitanda chake muhula mzima! Nami kozi ya elimu jumuishi nilipata A. Nimeandika kwenye mtihani kabisa, kurasa tatu, kwamba mwalimu mwema hamngojei mwanafunzi alalamike ndipo ajue mahitaji yake. Mhadhiri akaweka tiki nyekundu pembeni.

Nikaanza kuomba radhi, maneno yakanipotea, nikalia. Yeye hakulia. Akasema, "Ungeniuliza tu, mdogo wangu. Hata ungeniuliza nisingekataa pensheni yako, tungetafuta tu ya chini." Hakusema zaidi ya hapo, na bora angenigombeza.

Nikamshika mkono tukashuka wote hadi chooni, tukapanda. Usiku ule simu akashika yeye. Akarudi kwenye ile hosteli ya Stintfang niliyoidharau. Kabla ya kulipa chochote akawaandikia maswali yake, nami nimekaa pembeni kama mwanafunzi. Walipojibu yote ndipo akasema twende. Zile usiku mbili za pensheni pesa yake haikurudi, na hapo hapana wa kulaumu isipokuwa mimi. Nikalipia vitanda vyote viwili kwa pesa yangu, nikala mkate na ndizi hadi siku ya ndege. Haki yangu!

Kutoka stesheni ya Landungsbrücken kwenda hosteli kuna ngazi za kupanda kilima, kwa hiyo tulichukua teksi ituzungushie upande wa juu. Akapewa kitanda cha chini kwenye chumba cha wanawake sita. Kisha akatoka nje, akauona mto Elbe wote uko chini yetu, kreni ng'ambo, meli zinapita. Huyu ni mtoto wa Tanga, kakulia karibu na bandari. Alisimama pale mpaka mikono ikawa ya baridi, akaniambia, "Hapa ndo mahali." Kumbe alichokuwa anakitaka ni maji tu! Na mimi nilikuwa namtafutia mapaa.

Na hosteli zenyewe zina kisa ambacho mtu wa elimu ukisikia unavimba kichwa. Aliyezianzisha alikuwa mwalimu wa shule, Richard Schirrmann. Mwezi wa nane mwaka 1909 alikuwa kwenye matembezi ya siku kadhaa na wanafunzi wake, dhoruba ikawakuta, wakajihifadhi kwenye shule iliyokuwa tupu wakati wa likizo, wakalala kwenye majani makavu. Usiku huo akawaza kwamba kila mahali pangekuwa na sehemu ya bei nafuu ya wanafunzi kulala. Mwaka 1912 ikafunguliwa ya kudumu ndani ya ngome ya Altena, na mpaka leo ngome hiyo ina hosteli. Yaani wazo zima lilitoka kwa mwalimu aliyewaangalia wanafunzi wake akajiuliza watalala wapi. Mimi nilikuwa nimeangalia dirisha.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa tamu. Tulipanda kivuko namba 62 kwenda Finkenwerder kwa tiketi ileile ya basi na treni, tumekaa wote wawili, upepo usoni, tunafananisha na pantoni ya Kigamboni (ya kwetu ina kelele na utani zaidi, tulikubaliana). Tukaenda na ule mtaro wa zamani wa kupita chini ya Elbe, wa mwaka 1911, ambao una lifti za kushusha watu, na zamani zilishusha hata magari. Dada Mkubwa akaniangalia kwa pembe ya jicho: "Unaona, mwaka 1911 walishajua lifti." Hapo ndipo nikajua kidogo kidogo nasamehewa.

Haya, kwa mnaopanga kusafiri, nawaachia maswali yake, maana mimi sasa ndiye ninayedesa kwake. Kutoka stesheni mpaka mlangoni kuna ngazi ngapi, na nikiwa na begi? Choo kiko ghorofa gani? Kitanda cha chini kipo? Shuka na kifungua kinywa vimo kwenye bei? Hamburg ina kodi ya kulala tangu mwaka 2013, imo au inaongezwa? Hosteli za vijana ni za wanachama, kadi inalipiwa kiasi gani? Akishamaliza hayo, ndipo anauliza dirisha linaangalia wapi.

Mimi nimeongeza moja la kwangu, linakuja kabla ya yote: ninayesafiri naye nimemuuliza? Kupenda mahali penye sura yake si kosa, bado napenda, na nikipata pesa nitalala kwenye ile meli siku moja. Ila nitapiga simu kwanza niulize ngazi zake, maana nataka kwenda na yeye.

Dada Mkubwa ameisoma hii kabla sijaibandika. Kasema goti halikuwa kubwa kama embe dodo, lilikuwa kama chungwa. Na kasema niandike kwamba ule mkate ulikuwa mzuri.

Haya wapendwa, niwahi foleni ya kafteria kabla wali haujaisha. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.