Kuchagua Mshikio wa Upinde

Huenda wewe, msomaji, hujapata kushika upinde ila ule wa kitoto wa ufito na uzi wa katani, nawe ukadhani kwamba upinde ni mti mmoja tu uliopindwa na kufungwa ugwe, basi. Naam, ndivyo ulivyo upinde wa wazee wetu. Waogieki wa msitu wa Mau, ambao hawako mbali nasi hapa Nakuru, huuchonga kwa mti mmoja. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, huko Tanzania, hufanya vivyo hivyo, na ugwe wao huutengeneza kwa kano za wanyama. Nao Waata wa nyika ya Tsavo walisifika kwa pinde ndefu ambazo kuzivuta kulitaka nguvu ya kupita ratili 100. Katika pinde hizo hakuna kipande kinachoitwa mshikio. Ngumi ya mwenye upinde ndiyo iliyo mshikio wake.

Upinde ninaotaka kukueleza ni wa namna nyingine. Una vipande vitatu: kipande kigumu cha katikati kisichopindika, ambacho ndicho mshikio, na mabawa mawili membamba, moja la juu na moja la chini, ambayo ndiyo yanayopindika na kuurusha mshale. Ncha za mabawa hayo zimegeuzwa kuelekea mbele. Upinde wenye ncha za namna hiyo ndio uliotumiwa katika Michezo ya Olimpiki tangu ulengaji ulipoirudia michezo hiyo mjini Munich mwaka 1972. Shehzana Anwar aliutumia alipoiwakilisha Kenya huko Rio de Janeiro mwaka 2016, naye ndiye aliyeibeba bendera yetu siku ya ufunguzi. Ukimaliza kulenga, unauvua ugwe, unayafungua mabawa, na vyote vinaingia katika mfuko.

Jambo hili la mfuko si dogo. Mimi nakaa Section 58, na kiwanja tunachotumia na wanafunzi wangu kiko mbali na nyumbani. Jaribu kuingia matatu asubuhi na upinde mzima wa inchi 68, uone utingo atakuambia nini! Kadhalika watu hukutazama kwa shaka, kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mtu mwenye upinde barabarani hana budi kujieleza. Sisi shabaha yetu ni gunia lililojazwa matambara.

Tulikuwa watu 14 katika chama chetu, na fedha zetu, zilizotoka katika michango ya wazazi na uuzaji wa chupa tupu, zilitosha upinde mmoja. Sasa fikiri pamoja nami. Mabawa hubadilishwa: mwanafunzi akipata nguvu hutaka mabawa mazito zaidi, na yale mepesi humwachia mwenzake. Mshikio hubaki. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, zitie nyingi katika mshikio, na mabawa uyanunue ya bei ya chini, maana hayo utayaacha upesi. Wauzaji wengi hukushawishi kinyume cha hayo.

Lakini mshikio upi? Kuna wa mbao nyembamba zilizoshikamanishwa kwa gundi, na kuna wa alumini. Wa mbao hupendeza macho, haugandishi vidole asubuhi ya baridi yetu ya Julai, na aghalabu bei yake ni nafuu. Ila ni mwepesi, na mshikio mwepesi hutikisika mkononi mshale unapotoka. Wa alumini hutulia zaidi, bali huchosha mkono wa mtoto. Kabla ya kuamua, mpe mwanafunzi paketi ya unga ya kilo 1, aishike kwa mkono ulionyoshwa huku ukihesabu hadi 60. Asiyeweza, mpe kwanza miezi michache ya kuchota maji.

Kisha tazama namna mabawa yanavyoingia. Mishikio mingi ya mbao ya bei nafuu hukaza mabawa kwa bolti, na haikubali mabawa mengine ila ya muundo wake yenyewe. Lakini tangu miaka ya 1980 kuna mtindo mwingine, ulioanzia kwa kampuni ya Hoyt ya Marekani, ambao bawa huchomekwa mahali pake likajishika. Watengenezaji wengi wa nchi mbalimbali wameufuata, hata bawa la mmoja huingia katika mshikio wa mwingine. Mishikio hiyo huwa ya inchi 25 au 23. Ule wa 25 ukitiwa mabawa mafupi huwa upinde wa inchi 66, ya kati 68, na marefu 70; ule wa 23 hupunguza inchi 2 katika kila hesabu.

Hapa kuna hesabu nyingine ambayo muuzaji aghalabu haisemi. Uzito ulioandikwa juu ya bawa hupimwa ugwe ukivutwa inchi 28, juu ya mshikio wa inchi 25. Ukiyatia mabawa hayohayo katika mshikio wa inchi 23, uzito huongezeka kama ratili 2. Na kila inchi unayopungukiwa katika kuvuta hupunguza ratili 2 hivi. Basi msichana anayevuta inchi 25 tu, akitumia mabawa ya ratili 24 katika mshikio wa inchi 23, atavuta kama ratili 20, nazo zamtosha mwanafunzi anayeanza.

Lililotugawanya lilikuwa jambo la jicho. Kila mtu ana jicho linalotawala. Nyosha mikono yako mbele, ufanye tundu dogo kati ya viganja, na kwa macho yote mawili utazame kupitia tundu hilo kitu cha mbali; sisi tulitazama mti mmoja juu ya ukingo wa Menengai. Fumba jicho moja, kisha la pili. Jicho ambalo likibaki wazi linauona mti bado, hilo ndilo linalotawala. Anayetawaliwa na jicho la kulia huvuta ugwe kwa mkono wa kulia na kuushika upinde kwa wa kushoto, na mshikio wake umekatwa dirisha la mshale upande wa kushoto. Wa jicho la kushoto hutaka mshikio uliokatwa kinyume. Kati yetu 14, wawili walikuwa wa jicho la kushoto, na mmoja wao ni msichana aliyewashinda wote kwa utulivu wa mkono.

Wengi walitaka mshikio wa mbao wa bolti, fedha iliyobaki inunue mishale mingi. Mimi nilishikilia ule wa mabawa ya kuchomeka, ijapokuwa ulituachia mishale 6 tu. Sababu yangu ni hii: mabawa hayana kulia wala kushoto. Tukiwa na mabawa yanayoingia kila mahali, siku tutakapopata mshikio wa pili uliokatwa kinyume, tutakuwa na upinde wa pili bila kununua mabawa. Tulibishana muda mrefu, tukapiga kura, na hoja hiyo ikashinda kwa kura moja. Hadi siku hiyo, wale wawili wangelenga kwa mkono wa kulia, jicho la kushoto likizibwa kwa kitambaa. Yule msichana alikubali bila kusema neno, nami sikupenda kimya chake.

Tulinunua uliokwisha kutumika, wa alumini, inchi 25. Ukinunua wa namna hiyo, usiutazame rangi. Pitisha pamba kuzunguka tundu za bolti. Ikinasa, huenda pana ufa. Tia mabawa, funga ugwe, usimame nyuma ya upinde na kutazama: ugwe upite katikati ya bawa la juu, katikati ya mshikio, na katikati ya bawa la chini. Ukienda upande, badilisha mabawa mengine. Kosa likibaki vilevile, mshikio umepotoka, mrudishie mwenyewe. Na usiuvute ugwe ukauachia bila mshale, hata kama muuzaji mwenyewe anafanya hivyo, maana nguvu yote huyarudia mabawa na kuyapasua.

Mshikio uliokatwa kinyume tuliupata mwaka uliofuata, wa mbao, inchi 23, wenye mikwaruzo mingi. Mabawa yetu yaliingia bila kulazimishwa. Yule msichana alivua kitambaa, akauzoea mkono mpya kwa muda wa majuma matatu, akikosa gunia mara nyingi kuliko kulipata, na katika juma la nne akaanza kuwashinda tena.