Mama Tisa wa Nakawa

Chumba chetu Nakawa kilikuwa kimoja, na mlangoni kimepakwa namba: 9. Mama yangu akaitwa Mama Tisa. Jirani yetu, Mwacholi mwenye kicheko cha kusikika hadi barabara ya Jinja, alikuwa Mama Kumi. Majina yao halisi watoto hatukuyajua.

Mitaa ya Nakawa na Naguru ilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kwa kodi ambayo hata kibarua wa kiwandani kama baba aliimudu. Baganda wengi walikuwa na makwao papo hapo Kampala. Kwetu tulijaa wageni: Wajaluo, Waluhya, Waacholi na wengineo, mlango kwa mlango. Sidhani kama aliyetupanga vile aliwaza habari za lugha, lakini ndiye aliyenipa Kiswahili. Bombani asubuhi ngeli zilichinjwa kuliko kuku wa Krismasi. "Mama Tisa, chumvi nakwisha!" Mama Kumi angeita, na mama, ambaye naye hakuwa bingwa, angejibu, "Kuja chukua, dada."

Kila mwisho wa mwezi baba alirudi na stakabadhi ya kodi. Mama hakujua kusoma. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati, akalifunga kwa kitambaa.

Oktoba 1970 ikatoka amri ya kuwaondoa Uganda vibarua Wakenya kama baba. Sigiri na mikeka tulimwachia Mama Kumi, tukashuka Port Bell kungoja meli ya Kisumu. Kopo mama alilipakata mapajani.

"Karatasi hizo za nini tena?" baba alimuuliza.

"Za nyumba yangu."

Yangu! Nyumba ya serikali, chumba cha kupanga, na sasa hata nchi si yetu. Baba alitazama ziwa, hakumjibu.

Julai 2011 mitaa yote miwili ilibomolewa, familia 1,747 zikaondolewa kupisha mji mpya wa maghorofa ambao mkataba wake ulitiwa saini 2007. Wapangaji waliahidiwa fleti humo. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimpelekea mama gazeti lenye picha ya vifusi, nikamweleza ni Nakawa. Aliligeuza gazeti upande huu, akaligeuza ule.

"Nionyeshe bomba lilipokuwa," akasema, "nihesabu milango."