Nehemia Alianza na Sahani Yake



Leo naanza na toba.

Mwaka 2025, muhula wa tatu, Jumatano moja asubuhi nilimkuta kijana wetu wa Kidato cha Tatu akipanga viti kanisani. Nikamuuliza mbona hayuko shuleni. Akainamisha kichwa. "Pasta, tumerudishwa nyumbani. Pesa ya chakula na ya mitihani." Anasoma shule ya kutwa, ile tunayoambiwa haina karo. Alidaiwa shilingi 1,500.

Nikampigia simu mamake, anayeuza mboga pale steji. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, hizo pesa nilikuwa nazo. Jumapili ukasema tupande mbegu. Nikapanda."

Wapendwa, nilikosa la kusema.

Tujue deni hilo lilitoka wapi. Kiwango kilichowekwa na serikali ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haiwezi kumudu kiasi hicho, na kinachotolewa ni kama 16,900. Pengo ni shilingi 5,344. Shule yenye wanafunzi 300 inakosa zaidi ya milioni 1.6. Mwalimu mkuu bado ana wapishi, mlinzi na stima ya kulipa. Anamgeukia nani? Mzazi. Mwenye mshahara atalipa huku akinung'unika. Mama mboga atarudishiwa mtoto. Pesa iliyopunguzwa ni ile ile kwa kila mtoto, lakini uzito wake si mmoja.

Sikatai kwamba nchi ina madeni. Hata nyumbani kwangu pesa zikipungua tunapunguza matumizi. Lakini baba mwenye hekima hapunguzi maziwa ya mtoto huku nyama yake ikibaki pale pale.

Soma Nehemia sura ya 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingia utumwani. Nehemia alikuwa liwali, na posho ya liwali ilikuwa haki yake. Kwa miaka 12 hakuigusa, kwa sababu aliona mzigo wa watu ni mzito. Ndiyo maana aliposimama kuwakemea wakubwa, walikosa la kumjibu.

Mimi ningemkemea nani? Karo ya yule kijana ilikuwa kwenye kikapu changu cha sadaka.

Jioni ile nilimpelekea mamake pesa zake. Akakataa. "Nilimpa Mungu, Pasta, sikukupa wewe." Nikamwambia, "Mama, ni Mungu huyo huyo amenituma." Kesho yake kijana alikuwa darasani.

Kisha nikaketi na wazee wa kanisa. Tukaondoa ile zawadi ya kila mwaka ya kumshukuru mchungaji, ikawa mfuko wa karo. Sitasema ilikuwa rahisi. Nami nina watoto shuleni.

Lakini mfuko wetu hauwezi kujaza pengo la shule nzima, na kanisa lisiwe kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake. Kifungu cha 201 cha Katiba yetu kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti vikiitishwa, tusiwaachie wengine. Nenda, simama, uliza swali moja: mnapopunguza, mnaanza na sahani ya nani?

Na kabla hujaenda, jiulize swali hilo hilo nyumbani kwako, kazini kwako, na kwa yule dada anayekufulia nguo.

Tuombe: Bwana, tupe viongozi wenye moyo wa Nehemia, na uanze na sisi tunaosimama madhabahuni. Katika jina la Yesu.

Kama unakubaliana nami, sema Amina. Na kama kuna mtoto wa kanisa letu amerudishwa nyumbani wiki hii, niandikie faraghani. Usione haya.

Mchungaji wako.