Nairobi–New York: Njia Moja, Saa Mbali Mbali

Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani kutoka Nairobi hadi New York, mstari unakata kaskazini mwa Kongo, Kamerun, Nigeria na Mali, kisha unaingia baharini pwani ya Mauritania. Kwenye skrini ya kiti changu kulikuwa na upinde uliobinuka kaskazini kabisa, na mzee wa siti ya dirishani alishindwa kuvumilia: “Mwanangu, huyu rubani anakwepa nini?”

Hakuwa anakwepa kitu. Vuta uzi juu ya tufe la shule, ukaze, nao utapanda Sudan Kusini, Chadi na Aljeria, utokee Moroko na kupita visiwa vya Azores. Hiyo ndiyo njia fupi, kama kilomita 11,840. Njia halisi hupinda kidogo kwa sababu ya upepo na anga zilizofungwa.

Gawanya kwa 900, mwendo wa kawaida wa Boeing 787 ikiwa juu, upate saa 13 na dakika chache. Tiketi haitakubaliana nawe. Kenya Airways ilipoanza safari hii Oktoba 2018, ratiba ya msimu wa baridi ilikuwa kuondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25, yaani saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi ya huko. Kurudi, kuondoka 12:25 na kutua 10:55 kesho yake. Kwa macho tu, kwenda ni saa 7 na kurudi ni 22 na nusu!

Nilichokipenda ni kwamba huhitaji hata kujua tofauti ya majira. Jumlisha hizo mbili: 29 na nusu. Saa ulizozipata kwenda umezirudisha zote ukirudi, kwa hiyo hiyo ndiyo jumla ya kweli ya safari mbili. Ukiijua tofauti, saa 8 wakati wa baridi na 7 kiangazi, unagawa sawasawa: 15 kwenda, 14 na nusu kurudi.

Saa zilizozidi hesabu ya 900 zina maelezo. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoacha geti hadi inapoegeshwa, na kwenye uwanja wa JFK, New York, foleni ya kuruka inaweza kukutoa jasho. Kisha kuna upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi, ambao msimu wa baridi hupita kilomita 200 kwa saa. Unakusukuma ukirudi, unakuzuia ukienda. Kuondoka usiku nako kuna faida: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ubaridi wa usiku husaidia ndege iliyojaa mafuta kunyanyuka.

Walio na bajeti ndogo hupita kwingine. Kupitia Doha unaongeza kama kilomita 2,280, maana unaanza kwa kwenda upande usio wako. London, ambayo kwenye ramani inaonekana mzunguko mkubwa, inaongeza kama 540 tu, pungufu ya dakika 40 hewani. Kinachokula siku ni kusubiri ndege ya pili, na hicho hakuna tufe linalokionyesha. Kwa hiyo nikilinganisha nauli siku hizi huanza na saa za kuunganisha, kilomita baadaye.