Usiku wa Shauri Yako

Ijumaa mbili zilipita bila ukurasa huu kutoka, na wapo waliodhani tumeugua. La, tulikuwa safarini. Walimu wa madrasa wa Nyanza Kusini walitualika, nasi pamoja na ahli yetu tukafunga mizigo katika siku za mwisho za Agosti ya mwaka wa 2025, Mfunguo Tano ukielekea ukingoni. Treni ilitufikisha Nairobi, basi likatupitisha Narok na Kisii, na alasiri ya siku ya pili tukashuka Migori, miguu imevimba na kofia imebadilika rangi kwa vumbi.

Migori ni mji wa njia. Barabara kuu iendayo Isebania, na kuvuka mpaka hadi Sirari ya Tanzania, inaupasua katikati, na kila kipitacho humo huacha chake. Mjaluo, Mkuria, Msuba, Mkisii na Msomali hukutana mbele ya fungu moja la nyanya, na lugha wanayopatania bei ni Kiswahili. Si hiki chetu cha kubembeleza, bali Kiswahili kilichokunja mikono ya shati tayari kwa kazi. Tuliona bodaboda iliyofungwa mwavuli mkubwa wa rangi, imebeba kochi la watu watatu, na juu ya kochi kijana amekaa akitafuna muwa kana kwamba yuko barazani kwao. Tuliona vijana waliotapakaa tope hadi nyusi, wametoka machimbo ya dhahabu ya upande wa Nyatike, wakingoja zamu mbele ya mizani ndogo ambayo kwetu hupimiwa udi.

Tuliona pia kibanda kimeandikwa Vyakula vya Pwani, tukaingia kwa furaha ya mgeni aliyesikia sauti ya nyumbani. Biriani ikaletwa, na juu yake kabeji. Ahli yetu aliitazama sahani, akatutazama sisi, akasema bismillahi. Mpishi alitueleza kwamba alifunzwa na mtu aliyewahi kufanya kazi Mombasa. Mombasa ipi, hatukuuliza.

Tuliswali Ijumaa pale Migori, na Jumamosi tukashika njia ya Homa Bay. Ukitoka Migori unapita Awendo penye kiwanda cha sukari, matrekta yamesheheni miwa, kisha Rongo, ambapo unaiacha barabara kuu na kukata kushoto. Kutoka hapo ardhi inaanza kuteremka, hewa inabadilika, na mara ziwa linajitokeza mbele yako, na mlima Asego umesimama peke yake juu ya mji kama chungu kilichofudikizwa.

Homa Bay ya leo si ile tuliyoipitia miaka ishirini nyuma. Tangu ulipokuwa makao ya serikali ya kaunti, mwaka wa 2013, mji umekuwa ukinyoosha viungo. Na mwaka huo wa 2025 ulipokea wageni kwa kufuatana. Tarehe 1 Juni sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika huko, na katikati ya Agosti wakaja magavana na wajumbe wa kaunti zote kwa mkutano wao wa ugatuzi. Mwenye kungoja wageni hufagia ua. Tulikuta lami mpya, taa za barabarani, rangi ambayo bado inanukia ukutani. Mwenyeji wetu, ustadh wa madrasa aliyezaliwa hapo hapo, alisema kwa utani kwamba mbuzi wa mji huu wamepata tabu, maana waliyazoea mashimo yote ya zamani.

Mtaa tuliofikia unaitwa Shauri Yako. Tulicheka tulipolisikia jina, kisha tukalifikiria. Kiswahili safi, katikati ya nchi ya Wajaluo, na mitaa ya jirani ina majina kama Sofia na Makongeni. Aliyelitunga alikuwa akimwonya nani? Wenyeji hawana habari. Kwao ni jina tu, kama lilivyo Kibokoni kwetu, ambako huoni kiboko. Ingawa hapa kiboko yupo kwelikweli. Usiku hutoka ziwani kuja kula majani, na mwenyeji wetu alituusia, kwa uzito kuliko usia wowote mwingine, tusikaribie maji baada ya isha.

Basi baada ya isha tukatoka kutembea, kwa mbali na maji, sisi na ahli yetu na mwenyeji wetu.

Tukiri jambo moja. Katika mkoba wetu mlikuwa na kurasa nne za darsa tuliyoombwa kuwasomea akina mama Jumapili asubuhi, na kichwa chake tulikiandika nyumbani: Usiku na Fitina Zake. Tulitoka tukitazama kwa jicho la mtu anayetafuta mifano.

Mifano haikukosekana. Baa zilikuwa na taa za kijani na zambarau, na ngoma ya ohangla ikipigwa ndani kwa kishindo cha kutikisa mabati. Hatua chache kutoka hapo mhubiri alikuwa ametoa spika yake nje, akionya juu ya moto. Spika moja inaita, ya pili inakanya, na katikati yake mtoto wa miaka kumi hivi amekaa juu ya ndoo akiandika hesabu kwa taa ya barabarani, hana habari na mmoja wao. Kinyozi alikuwa kazini. Fundi cherehani naye alikuwa kazini, ameinamia sare ya shule. Vijana walipita na mayai ya kuchemsha na kachumbari, na mama mmoja akikaanga ngege wazima wazima katika karai pana kama ungo. Kwa mbali, upande wa vilimani, ulisikika muziki mwingine. Mwenyeji wetu alituambia kuna msiba, na vijana wanacheza kuchanga pesa za maziko. Disko matanga. Tukaguna, kisha tukanyamaza, kwani Kilifi yetu haijambo kwa jambo hilo hilo, na mabinti wanaorudi nyumbani na majuto ni wa huko na wa kwetu.

Tulipofika penye mwinuko ahli yetu alisimama akauliza, "Ule ng'ambo ni mji gani?" Ziwani palikuwa na mamia ya taa, zimejipanga mstari, zikimetameta. Hazikuwa za mji. Zilikuwa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili. Taa huelea juu ya maji, samaki huifuata, wavu huwazunguka. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni za sola. Kazi hii hutaka giza, kwani mbalamwezi huwatawanya samaki, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane. Basi tulimkuta mwezi ukiwa mwisho na msimu ndio kwanza umefunguliwa. Tulimuuliza mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu, mwezi mpya utaandama lini. Hakuwa Muislamu. Akajibu bila kuinua kichwa: kesho au kesho kutwa. Tukawakumbuka wale kwetu ambao hutupigia simu usiku wa Ramadhani kuuliza mwezi ni wa ngapi.

Ni katika kurudi ndipo tulipomkuta mama wa chai. Ameweka benchi na jiko mkabala na mlango wa baa, ushungi umefungwa kwa heshima, birika mbili na sinia la mandazi. Wote humwita Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, kwa desturi ya Wajaluo ya kumwita mwanamke kwa kwao. Kwao ni Kendu Bay, mji wa pwani ya ziwa wenye Waislamu wa kale, Wajaluo kwa Waarabu. Alipomtambua ustadh alisimama, akatuamkia, "Shikamoo, sheikh. Shikamoo, mama." Akamfutia ahli yetu benchi kwa kitambaa. Wateja wake walikuwa mlinzi, bodaboda wawili, na mtu mmoja aliyekuwa akiyumba, aliyesema "samahani, mzee" na kutupisha.

Tulimuuliza, na sauti yetu huenda ilikuwa kali kuliko tulivyokusudia, kwa nini amechagua mahali hapa. Alimjibu ahli yetu, si sisi.

"Mama, mimi nilikuwa nanunua omena pale ufuoni, naanika, napeleka sokoni. Baba watoto alipofariki, mwenye mtumbwi akaniambia samaki ni wachache, kwa hivyo nani apate ni hiari yake. Mnajua jaboya?"

Mwenyeji wetu alitazama chini. Tunaandika kwa ajili ya nyumba zenye watoto, basi tuseme tu kwamba jaboya ni desturi ya baadhi ya wavuvi, katika fuo za ziwa hili, kumtaka mwanamke atoe mwili wake ndipo auziwe samaki. Si siri, na wapo wanawake wa ziwani walioungana kutafuta mitumbwi yao wenyewe ili wajinasue nayo.

"Nikatoka," akaendelea. "Hapa mlevi ananipa shilingi ishirini, nampa chai. Akishaondoka, ameondoka. Watoto watatu wanasoma. Sasa ninalo swali, kwa vile Mungu amemleta sheikh mpaka kwa jiko langu. Mwenye baa ameniambia niingie ndani, kwa veranda yake. Kuna bati, kuna taa, hataki kodi. Anataka tu nikipeleka chai mezani nipeleke na chupa za wengine. Na mvua za mwisho wa mwaka ziko njiani."

Tulimjibu kama tulivyofundishwa. Asili ya biashara ni uhalali. Chai ni chai, na ulevi wa mnunuzi haulitii najisi pato la muuzaji. Huenda kikombe chake ndicho kinachomfikisha mtu nyumbani kwa mkewe akiwa na akili. Ama kubeba chupa, hapana njia: mafundisho ya Mtume (SAW) yamemhesabu mbebaji wa pombe pamoja na mnywaji. Aliitikia kwa kichwa. Ilionekana alilijua jibu, alitaka tu kulisikia kwa mwingine.

Ahli yetu alikuwa kimya muda wote huo, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akasema taratibu, kwa ile sauti ambayo waume wa miaka thelathini wanaijua, "Sheikh wangu, umeufunga mlango wenye bati. Mvua ikinyesha, huyu akae wapi?"

Hatukuwa na aya ya kumjibu.

Asubuhi, katika darsa, tulisoma ukurasa mmoja kati ya ile minne. Tulizungumza juu ya pato la halali na gharama yake, na akina mama wakazungumza zaidi yetu. Wengine walikuwa wametoka moja kwa moja ufuoni, magamba ya samaki yangali mikononi. Nyar Kendu hakuja, alikuwa amelala. Baada ya darsa kofia ilizungushwa, ahli yetu akaongeza fedha alizoweka za kanga, na kabla ya adhuhuri tulikuwa dukani tukinunua turubai la buluu, miti minne na kamba.

Vijana wa madrasa waliisimamisha miti. Tatizo likawa la kufunga turubai juu, kwani hapakuwa na ngazi mtaa mzima ila moja, na hiyo ilitoka kwa mwenye baa. Aliileta mwenyewe, akaishikilia chini mpaka kazi ikaisha, akaomba chai. Nyar Kendu alimpa, akapokea shilingi ishirini zake.

Kuhusu sisi, alitufungia kilo mbili za omena waliokauka vizuri, katika gazeti na kisha mfuko, na kukataa kwetu hakukusikilizwa. Basi zima lilijua tumetoka ziwani, hadi Narok. Ahli yetu aliwapika kwa tui la nazi na ukwaju siku ya pili ya kufika, na wajukuu, ambao hawajawahi kukubali kitu chenye macho katika sahani, walisomba mpaka wakakomba sufuria. Wameuliza wengine watakuja lini. Tumewaambia waangalie mwezi.