Magome ya Msesewe



Juma hili tumeulizwa iwapo mama anayepika mbege nyumbani kwake, hapa Mbezi Luis, anafaa kuongoza jumuiya ndogo ndogo. Wapo waonao kwamba hafai. Sisi tunaona vingine, na sababu yetu imo ndani ya pipa lake.

Kila mpishi wa pombe hutafuta kitu kichungu cha kusawazisha utamu. Wapikao pombe nzito ya shayiri kwa mtindo wa Uskoti hutia maua ya hopsi, na wengine huilaza juu ya vipande vya mti wa mwaloni ili ipate ladha ya mbao. Mtakatifu Hildegard wa Bingen, mtawa wa karne ya 12, aliandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji visiharibike. Na Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Wachagga hawakuhitaji hopsi wala mwaloni. Wao wana msesewe, ambao magome yake hutoa uchungu na harufu ya mti kwa pamoja.

Kazi yenyewe ni ndefu. Ndizi mbivu humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi hata zigeuke rangi, kisha huachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Ulezi nao hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Unga wake hupikwa uji pamoja na magome, ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Kesho yake mbege hunyweka; ikikaa siku mbili tatu huwa kali mno. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu wazee waliinywa kwa kata inayozunguka: kinywaji kisichowekeka hudai majirani.

Magome si ya kuchezea. Msesewe ni wa ukoo wa mimea ulioupa ulimwengu dawa ya kushusha shinikizo la damu, hivyo mkono wa mpishi lazima uwe na kipimo.

Hapa kwetu magome hushuka na mabasi kutoka Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500, katika kituo cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021. Ulezi ni ghali. Ndiyo maana wengine huruka yote hayo, wakatia sukari na hamira, wakauza kesho yake kwa jina lile lile. Mjane tunayemsema aliombwa afanye hivyo kwa ajili ya sherehe moja kubwa. Alikataa, akaikosa fedha ambayo ingelipa ada ya muhula mzima.

Hatusemi mbege hailewishi. Hulewesha, na tumeona mishahara ikiishia kilabuni. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, gongo imekatazwa na sheria, na bado tumezika vijana walioangamizwa na ulevi. Lakini mama huyu hufunga mlango jua linapozama, wala hamjazii kata aliyekwisha kulewa, hata akitukanwa, na hutukanwa.

Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ni Jumamosi ijayo, baada ya rozari. Jina lake limo katika orodha, nasi hatutaliondoa.