Daftari la Mama

Nilikosea kuhusu afya ya mama yangu, na nilikosea nikiwa na utafiti mkononi.

Kule Tanga, Mama alikuwa mweka hazina wa kikoba kwa miaka mingi, na hesabu yake haikupotea hata shilingi. Alipohamia kwa dada yangu Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, alikuja na kaunta buku. Humo aliandika kila kitu: dawa ya presha, bei ya vitunguu, simu zangu za Jumapili kutoka Houston.

Nami nilikuwa nimesoma utafiti wa Robert Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, uliochapishwa mwaka 2007. Waliwafuatilia watawa na mapadri wa Kikatoliki 997. Wenye tabia ya umakini na mpangilio kwa kiwango cha juu walikuwa na hatari ya kupata Alzheimer iliyo pungufu kwa asilimia 89 kuliko wale wa kiwango cha chini. Nikamwona Mama humo, nikatulia. Kama mzazi wako ni mtu wa mpangilio, huenda nawe ungetulia hivyo hivyo.

Dada akanipigia. "Mdogo wangu, Mama amebadilika." Alisema amekuwa mkimya, na ukimuuliza jambo hutazama daftari kwanza. Alitaka kumpeleka kliniki ya kumbukumbu. Nikamjibu kwa zile asilimia. Akaniambia pia kwamba palepale Dallas, Profesa Denise Park alionyesha mwaka 2014 kwamba wazee waliotumia miezi mitatu kujifunza kitu kigumu na kigeni kwao, kama kupiga picha za dijitali, kumbukumbu zao ziliimarika kuliko za waliokutana kwa soga tu. Kwa nini tusimtafutie Mama darasa? Nikasema hana haja. Mimi ndiye niliyesoma zaidi katika familia yetu. Nilitumia hilo kumnyamazisha dada yangu.

Ikapita miezi kumi na mitatu.

Siku niliyokwenda, nilifika mchana, Mama amelala. Nilichukua daftari nitazame orodha ya dawa zake, likafunguka kwenye ukurasa wa Jumapili moja. "Simu ya Houston. Uliza jino la mtoto." Chini yake, kwa wino mwingine: "Jino limeota. Usiulize tena." Jumapili iliyofuata, maneno yaleyale. Iliyofuata, vilevile, na "usiulize tena" limepigiwa mstari mara mbili. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa. "Choo, mlango wa pili." "Anayepika ni binti yako mkubwa."

Nilikaa kitandani pembeni ya miguu yake. Jumapili zote zile nilizokata simu nikisema moyoni yuko imara, nilikuwa nasikiliza mtu akinisomea. Ule umakini nilioutegemea ndio uliomwezesha kutuficha, na pengine alikuwa akipigana peke yake usiku na mchana asipoteze hesabu yetu sisi wanawe.

Usiku ule nikaurudia utafiti. Baada ya baadhi ya watawa wale kufariki, ubongo wao ulichunguzwa, na uharibifu uliokutwa haukuhusiana na umakini wao. Ugonjwa uliwaingia wenye mpangilio kama wengine. Tofauti ilionekana katika namna walivyoweza kuuhimili. Hayo yaliandikwa tangu mwanzo. Mimi niliishia kwenye 89, tena nikaichukua namba ya kundi zima nikamvika mtu mmoja.

Kliniki ilithibitisha Alzheimer. Dawa ya lecanemab, iliyopata idhini kamili hapa Marekani Julai 2023, hupewa walio hatua za mwanzo. Mama alikuwa ameshazipita. Daktari hakusema kama ingemsaidia, nami sikumuuliza. Daftari lilionyesha pia kwamba kuna siku alimeza vidonge vya presha mara mbili.

Nilimwomba dada msamaha jikoni. Aliendelea kuosha vyombo, kisha akasema, "Siku ile nilitaka useme 'haya' tu."

Sasa Jumapili nikipiga, naanza mimi. "Shikamoo Mama. Ni mwanao wa Houston. Mtoto hajambo, jino limeota." Anaitikia, "Marahaba, mwanangu," halafu ananyamaza kidogo, nami nangoja, maana nasikia kalamu ikipita kwenye karatasi.